Ziara ya Wageni Wetu Isiishie Niagara

Kila kiangazi familia zetu zilizo hapa Toronto hupokea wageni kutoka Unguja, Mombasa, Dubai na Maskati, na ratiba ya kuwatembeza haijabadilika tangu nilipokuwa mtoto. Siku ya kwanza ni Mnara wa CN, wenye urefu wa mita 553. Siku ya pili ni maporomoko ya Niagara. Mgeni wa heshima zaidi hupelekwa mpaka Ottawa, mwendo wa kilomita 450, apigwe picha mbele ya Bunge na kando ya Mfereji wa Rideau, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2007, miaka saba baada ya Mji Mkongwe wetu. Njiani huliwa biriani ya jana kutoka katika sufuria iliyofungwa kwa kanga. Sina ugomvi na ratiba hiyo. Mimi mwenyewe nimeiendesha mara nyingi kiasi cha kuijua kwa moyo.

Lakini naona imepungukiwa na vituo viwili tunavyovipita kwa kasi kila mara, navyo vinatuhusu sisi, wenye nasaba ya Kiarabu na Kiswahili, kuliko mnara wowote. Nilivifikia mwaka jana nikiwa na shangazi yangu, aliyetoka Maskati kuja kutukagua kabla miguu haijamchosha.

Maporomoko yalimstaajabisha kama yanavyomstaajabisha kila mtu. Alisema Subhanallah mara tatu, akalalamikia bei ya kuegesha gari, tukaondoka. Badala ya kushika barabara kuu, nilifuata njia inayoambaa na mto kuelekea kaskazini, hadi Queenston, ambako pana kibao cha kumkumbuka Chloe Cooley. Tarehe 14 Machi 1793 bwana wake, Adam Vrooman, alimfunga kamba, akamtia mashuani kwa nguvu na kumvusha ng'ambo, upande wa Marekani, akamwuze. Chloe alipiga kelele na kupigana. Peter Martin, mtu mweusi aliyekuwa huru, alikwenda kutoa habari mbele ya mtawala wa jimbo, John Graves Simcoe, na Julai ya mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuzuia watumwa wapya wasiingizwe. Sheria hiyo haikumwacha huru hata mtumwa mmoja aliyekuwapo. Watoto ambao wangezaliwa baadaye na mama mtumwa ndio wangekuwa huru, nao mpaka watimize miaka 25. Tena miongoni mwa wajumbe walioipitisha walikuwamo wenye watumwa majumbani mwao. Habari za Chloe baada ya kuvushwa hazikuandikwa.

Shangazi alinitaka nimfasirie kibao chote, neno kwa neno. Nilipomaliza alisema, "Huyu angalau jina lake limeandikwa," akarudi garini.

Nilidhani nimemwelewa, kumbe bado. Tukaingia St. Catharines, mji ambao wengi wetu twaujua kwa kibao cha barabarani tu. Hapo lipo kanisa dogo la Salem, lililojengwa mwaka 1855 na watu waliokimbia utumwa wa Marekani. Harriet Tubman, aliyetoroka Maryland mwaka 1849, aliufanya mji huu makao yake kwa miaka kadhaa kuanzia 1851, akawaleta jamaa zake humo, na kanisa hilo ndilo alilosali. (Atakayetaka kwenda apige simu kwanza, mlango hauwi wazi kila siku.) Shangazi alivua viatu kwa mazoea, akaambiwa hapana haja, akaketi kimya juu ya benchi muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Tulipokuwa tukirudi Toronto aliniambia, bila ya mimi kumwuliza: "Mwanangu, mama yake babu yako naye aliletwa."

Wasomaji wa kurasa hizi mmeiona nasaba yetu. Inapanda upande wa baba kwa vizazi tisa, bin fulani bin fulani, hadi kijiji kimoja cha bara ya Oman. Nafasi za mama ni tupu. Sababu yake si siri kwa anayeijua sheria: mtoto aliyezaliwa na suria wa bwana, bwana akamkubali, alikuwa huru na sawa na ndugu zake, na mama yake hakuweza tena kuuzwa, akawa huru bwana alipokufa. Nasaba ikafuata baba, na mama akayeyuka. Neno letu la adabu ni hilo hilo la shangazi, "aliletwa", wala halisemi aliletwa na nani.

Najua nitakayojibiwa, kwa kuwa nimekwisha kujibiwa mezani. Wa kwanza husema kwamba utumwa wetu haukuwa kama wa mashamba ya pamba ya Marekani. Kwa sheria na desturi ulitofautiana, ni kweli. Lakini mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hayakujilima yenyewe, na soko la Mkunazini halikufungwa kwa hiari ya wenyeji. Lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sayyid Barghash kubanwa na manowari za Waingereza. Hata amri ya mwaka 1897, iliyoondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, iliwaacha nje masuria, wakangoja hadi 1909. Nikiweka tarehe hizo kando ya umri wa babu yangu, siwezi kujidai kwamba ni habari za watu wengine.

Wa pili huuliza kwa nini tujianike. Huyu namwonea huruma, maana hoja yake ina jeraha. Mwaka 1964 neno "utumwa" lilitupiwa watu ambao wengi wao hawakuwa na chochote zaidi ya duka la rejareja au shamba dogo, na damu ikamwagika. Aliyenusurika hujifunza kunyamaza. Hata hivyo kimya hicho hakikumlinda bibi yetu. Kimemfuta tu, mara ya pili.

Tena kimya chenyewe huchagua. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alieleza wazi katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba mama yake alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto. Nimewasikia watu wetu wakimsimulia mama huyo kwa fahari. Suria Mcherkesi hutajwa sebuleni. Suria Mnyasa au Mmanyema hutajwa jikoni, kwa sauti ya chini, tena watoto wakishalala. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Binamu zangu walishangilia Desemba 2023 baraza la jiji la Toronto lilipoamua kuliondoa jina la Dundas katika uwanja wa katikati ya mji na kuuita Sankofa. Nami nilifurahi. Tunapita pia barabara ya Jarvis na kukumbushana kwamba William Jarvis, katibu wa kwanza wa jimbo, alimiliki watumwa. Ni rahisi kuwahukumu wafu wa watu. Basi nawaomba: mkishawapeleka wageni Niagara, rudini kwa njia ya Queenston, ingieni St. Catharines, kisha mwacheni mzee aliye garini azungumze. Msimkatize, wala msimwambie habari hizo zimekwisha.

Shangazi alinitajia jina la bibi yetu tulipokuwa tukipita Hamilton. Ni jina moja, lisilo na "binti" fulani, la aina waliyopewa wajakazi: la kitu chenye harufu nzuri. Pamoja nalo alinitajia mahali alikotoka, upande wa ziwa Nyasa, na wimbo aliokuwa akiwaimbia wajukuu kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika jina katika nasaba. Alisema yeye hana kipingamizi, ila nimwulize kwanza ami yangu mkubwa, aliyebaki Maskati, kwa kuwa nasaba ni yake pia. Nimempigia mara mbili. Mara ya kwanza alibadili mazungumzo. Mara ya pili aliniuliza, baada ya kimya kirefu, kama shangazi anaukumbuka wimbo wote au mwanzo wake tu.