Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mwalimu yeyote anaijua siku ya mkaguzi. Madaftari hupangwa, ubao hufutwa, na hata mwanafunzi mtundu huketi kimya. Mkaguzi huyo, ambaye leo nchini Tanzania huitwa mthibiti ubora wa shule, ameajiriwa kwa kazi hiyo. Lakini je, ni nani akikague chuo kikuu, ambako mwalimu mwenyewe ndiye bingwa wa somo lake?

Wamarekani wanalo jibu linalostahili kutafakariwa. Tangu mwaka 1984 wanayo Bodi ya Ithibati ya Mipango, inayopima masomo ya shahada ya mipango miji katika vyuo vikuu. Wanaoiunga mkono ni wataalamu walioko kazini pamoja na umoja wa vyuo vinavyofundisha fani hiyo. Idara inayoomba ithibati huandika kwanza taarifa ya kujitathmini. Kisha hufika timu ndogo ya wageni: wahadhiri wa vyuo vingine na mtaalamu atokaye kazini. Kwa siku chache huonana na wakuu wa chuo, wahadhiri, wanafunzi na wahitimu, wakiyapima yaliyoandikwa kwa yale wanayoyaona na kuyasikia. Wao huandika ripoti. Uamuzi ni wa Bodi.

Wageni hao hawana mshahara kwa kazi hiyo. Hujitolea.

Wapo watakaouliza: afisa mwenye mafaili tele mezani ana faida gani kusoma taarifa ndefu ya chuo kisichokuwa chake? Jibu ni kwamba daktari akikosea huumia mgonjwa mmoja, bali mpanga miji akikosea huumia mtaa mzima, na watoto wa mtaa huo baada yao. Wamarekani walijifunza hayo kwa uchungu. Baada ya Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949, mitaa mingi ya watu maskini, hasa Wamarekani weusi, ilibomolewa kwa jina la kuijenga upya miji. Mwaka 1961 Jane Jacobs, ambaye hakuwa mpanga miji kwa elimu, alitoa kitabu kilichowashutumu wataalamu waliotazama ramani wakasahau watu. Kosa likifundishwa darasani, kesho hujengwa kwa zege, na zege halifutwi kama ubao.

Kwa hiyo mtu wa kazini anayo haki, tena anao wajibu, wa kuingia chuoni na kuuliza: kijana huyu amefundishwa kuchora tu, au amefundishwa pia kumsikiliza mkazi wa mtaa?

Hata hivyo, tusidhani kwamba kujitolea huko ni kwenda kutembea. Fani hii si kubwa, na wengi wao hujuana. Ndiyo maana mwenye uhusiano wa karibu na chuo hatakiwi kuwamo katika timu ya kukikagua. Lakini kanuni haimalizi mtihani wote. Bado mgeni hana budi kumwambia mwenzake ukweli, hali akijua kwamba kesho huyo huyo aweza kuja kumkagua yeye. Anayesifu kila kitu kwa kuogopa lawama amekula chakula cha mwenyeji bure, na wanafunzi amewaacha walivyokuwa.

Sisi nasi tunavyo vyombo vyetu. Tanzania inayo Tume ya Vyuo Vikuu, na tangu mwaka 2007 inayo sheria ya kuwasajili wataalamu wa mipango miji. Lakini chombo hakina macho wala masikio ila ya watu wanaokubali kutumwa. Mtumishi wa umma anayelalamika kwamba vijana watokao vyuoni hawajui kazi, naye akiombwa siku tatu zake kwenda kuitazama elimu yao husema hana nafasi, huyo ajilaumu mwenyewe.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji asifiwe. Tukiitwa, twende, na tukifika, tuseme kweli.