Rahisi Huvunja Upishi



Mama mmoja aliyekuwa akituuzia sambusa hapa Doha ameacha biashara. Jirani yake aliuza kwa bei isiyorudisha hata gharama ya nyama, nami nikawa miongoni mwa waliokimbilia huko. Sasa jirani amebaki peke yake, na bei imepanda kuliko ya awali.

Imam Malik amesimulia katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar alimkuta Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu sokoni Madina, akamtaka apandishe bei au aondoke. Lakini Imam Shafi, ambaye wengi wetu wa pwani twafuata madhehebu yake, amepokea kuwa baadaye Umar alimwendea Hatib nyumbani, akamwambia auze apendavyo.

Basi kupunguza bei ni halali, na anayeridhika na faida ndogo tumshukuru. Lakini kukubali hasara ili mwenzio afunge, kisha kumkamua mnunuzi, ni dhulma. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hii imevunja na ujirani. Mama yule nimekwenda kumtaka radhi.

Wabillahi tawfiq.