NYUMBA HAISUBIRI JUMAMOSI (Sehemu ya 3)

Ndugu zangu wa Itiryo na majirani wote mnaosoma, tuendelee tulipoishia. Leo nina ugomvi na Jumamosi.

Mnaijua ilivyo. Mama anatoa kila kitu nje, magodoro juani, sufuria zote kwenye kichanja, anafagia, anapiga deki, jioni kiuno hakimtaki. Jumapili wageni wanasifu. Jumatano pita tena uone: kama hakuna aliyegusa. Na Jumamosi ikiangukiwa na msiba au mnada, basi, mpaka wiki nyingine. Hata kitaifa tumezoea hivyo. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa tukashika mafagio nchi nzima, halafu ikabaki Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Silaumu, barabara zilifagiliwa kweli. Ila barabara inaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa pale chini ya meza haisubiri.

Usafi wa Jumamosi ni wa macho ya mgeni. Unafika panapoonekana. Hauingii juu ya kabati, dirishani, chini ya kitanda, wala kwenye ule mfuko wa rambo unaoning'inia kwenye msumari. Na kilichomo huko ndicho kinachotufikia sisi manesi. Mtoto wa miaka miwili haoni uchafu, anaona chupa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe imemiminwa kwenye chupa ya maji kwa sababu jirani aliomba kidogo. Dawa ya kupulizia shambani imewekwa jikoni, ati isiibiwe. Mtoto akishakunywa, nyumbani wanamtapisha kwanza, wanampa maziwa, ndipo wanatafuta bodaboda. Jamani, mafuta ya taa msimtapishe kabisa! Yakipanda yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo shida inapokuwa kubwa. Mleteni haraka, na chupa mje nayo tujue ni kitu gani.

Halafu kuna dawa za binadamu. Mseto wa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, lakini nyumba nyingi utakuta vinane vimebaki "akiba". Akiba ya nini? Ni dozi ambayo haikumalizwa, na kesho atapewa mtoto kwa kukadiria. Dawa ya maji ya mtoto ikishachanganywa ina siku zake chache, zimeandikwa hapohapo kwenye chupa, ila yenyewe inakaa juu ya kabati mpaka inabadilika rangi. Kadi ya kliniki nayo, mama ana uchungu usiku, watu watatu wanapekua nguo na kurunzi ya simu.

Dawa ya haya yote ni robo saa. Kila siku, kona moja. Siyo nyumba nzima.

Najua kuna watakaosema hizo ni ndoto za nesi mwenye mshahara. Sikilizeni. Wodi haifungwi siku nzima ili ipangwe, wagonjwa wapo mchana na usiku. Ndiyo maana hospitali zetu zilichukua utaratibu ulioanzia viwandani Japani, ukapita hospitali moja ya akina mama kule Colombo, Sri Lanka, na mwaka 2007 ukaanza kujaribiwa hospitali ya rufaa Mbeya. Kwa Kiswahili tunauita S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Msicheke, ndilo neno lenyewe, sasambua. Maana yake toa kisichotakiwa kabla hujafagia chochote. Zamu hii droo moja, zamu ijayo toroli la dawa. Na boma lenye watoto na ng'ombe nalo halifungwi. Sasa kwa nini tunalisubirishia siku moja kubwa?

Nawaambia kwa nini. Kwa sababu siku kubwa ina mwenyewe, naye ni mama. Mwanaume wa Kikurya hatatoa magodoro nje, mnajua na mimi najua. Lakini baba, ile dawa ya ng'ombe uliinunua wewe. Uliibeba wewe, ukaipima wewe. Kuifungia kwenye sanduku lenye kufuli, juu, mbali na jiko, ni kazi ya mama kwa sheria ipi? Hujaambiwa uoshe vyombo (ingawa mkono hautakatika). Umeambiwa robo saa, ng'ombe wakishaingia zizini. Na vijana mliotahiriwa juzi mkaacha kushika ufagio, nanyi nawaona.

Mama anayeamka alfajiri kwenda kisimani na shambani, akiniambia hana muda, namwamini. Ndiyo maana siongezi kazi kwake, naigawa.

Anzeni leo jioni. Leo chupa: kila chupa isiyo na lebo yake itoke ndani, na mafuta ya taa yapate dumu lake, lenye alama, juu. Kesho dawa: zilizopita tarehe na zilizobaki zote mtuletee zahanati, msitupe chooni wala jalalani wanapochezea watoto. Keshokutwa kadi za kliniki na za bima, mfuko mmoja, msumari mmoja, kila mtu wa nyumba aujue. Ikifika robo saa acheni, hata kama kona haijaisha.

Sehemu ya 4 ni chini ya kitanda. Mtakaofika huko kabla yangu, niambieni mmekuta nini.