Sema bajeti yako kabla menyu haijafika

Ukifanya kazi mchana na kusomea uzamili jioni hapa Nairobi, kuna ushauri mmoja wa pesa utakaopewa na kila mtu: acha kula nje, pika nyumbani. Utausikia kwa shangazi. Utausikia kwa wale wataalamu wa fedha wa TikTok. Utausikia hata kwa mwenzako wa ofisini ambaye akifika kwake anakuta sufuria mekoni na mtu mwingine ndiye aliyepika. Unasikika kama busara, lakini sisi tunaona unaisingizia sahani isiyo na hatia.

Itazame siku yako bila kujionea huruma. Kazi inaisha saa kumi na moja, ikiwa bosi hajakumbuka kitu dakika kumi kabla. Darasa linaanza saa kumi na moja unusu katikati ya jiji. Kutoka Upper Hill hadi University Way si mbali, ila jioni ya mvua matatu hukwama Haile Selassie hadi abiria wanashuka na kupiga mguu. Unaingia darasani umechelewa, unameza kipande cha mwisho cha smokie mlangoni. Mhadhara unaisha saa mbili unusu. Kama unakaa Kahawa Wendani au Rongai, na makanga ameshapandisha nauli kwa sababu ameona mawingu tu, unafungua mlango wako karibu saa nne usiku.

Anayekuambia uanze kuchemsha maharagwe saa hiyo hajawahi kujaza gesi kwa pesa zake mwenyewe.

Ndiyo maana kuna kibanda. Chapo mbili na madondo, au ugali na matumbo, kachumbari juu. Tuseme ni Sh150, na tuseme unapita hapo jioni nne kwa wiki. Kwa wiki nne hizo ni Sh2,400. Umepata chakula moto, saa moja ya kusoma, na gesi ambayo hukuiwasha. Wapo wanaobana zaidi kwa kununua githeri au maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa kutoka kwa yule mama wa mtaani anayepima kwa kikombe, kisha wanakaanga tu na kitunguu na nyanya. Poa sana, kama bado una nguvu za kukata kitunguu saa nne usiku. Kama huna, kula kibandani na usimwombe mtu msamaha.

Pesa zako haziishii hapo. Zinaishia Ijumaa.

Ijumaa ikifika saa kumi, grupu la mbogi linaamka. "Form ni gani leo?" Mmoja anataja mkahawa mpya Westlands, mwingine anajua mahali Kilimani penye mabawa ya kuku ya ajabu. Hakuna anayetaja bei. Hiyo ndiyo sehemu ya kushangaza: watu wanaoweza kubishana dakika ishirini na makanga juu ya shilingi kumi, wakifika kwa marafiki wanaona haya kuuliza sahani ni ngapi.

Tufanye hesabu ya mfano. Mko watano. Wewe, kwa kujua hali ya mfuko, umeagiza chipsi masala na soda, jumla Sh750, ukasema umekula ofisini. Wengine wameagiza steki, kuku mzima wa kugawana, na vinywaji vya rangi vyenye kipande cha nanasi ukingoni. Bili inakuja: Sh9,600. Kabla hujafungua mdomo mtu ameshasema, "Tugawe tu sawa." Sh1,920 kila mmoja. Umelipa Sh1,170 za chakula na pombe ambavyo hukuvionja. Fanya hivyo mara mbili kwa mwezi na umetoa Sh2,340, karibu sawasawa na kibanda cha mwezi mzima. Kwa muhula wa miezi minne ni Sh9,360, na hiyo ni tofauti peke yake. Hatujahesabu ulichokula, wala teksi ya kurudi kwa sababu matatu za mwisho zimeenda.

(Na wewe unayeagiza kamba wa kukaanga kisha unakuwa wa kwanza kusema tugawe sawa, tunakuona.)

Si kwamba kugawana sawa ni kubaya kila mahali. Mkienda Kenyatta Market mkaagiza mbuzi kilo mbili, nyama inakuja kwenye ubao mmoja, ugali mmoja, kachumbari moja, mikono yote inaingia. Nani atapima nani amekula mbavu ngapi? Hapo kuchanga sawa ni haki, na ndiko desturi hii ilikotoka. Tatizo ni kwamba tumeichukua desturi ya ubao mmoja tukaipeleka kwenye meza ambayo kila mtu ana menyu yake. Kwenye menyu, mwenye mshahara mdogo huagiza kidogo ili ajiokoe, halafu hesabu ya mwisho inamnyang'anya kile alichookoa. Asiyekunywa pombe analijua hili kuliko sisi sote.

Mwanafunzi wa uzamili ana shida ya ziada, nayo ni kwamba haonekani maskini. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akisema amesota, watu wanacheka na kumlipia chips mwitu. Wewe una kazi, una kitambulisho cha ofisi shingoni, tena unasoma. "Si wewe uko na masta, unalia nini?" Hawauoni waraka wako wa mshahara. Hawaoni PAYE, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya nyumba, na HELB wanaodai mkopo wa digrii ya kwanza. Kinachobaki kinalipa nyumba, nauli, na karo. Na karo ya uzamili haina mchezo, kwa sababu vyuo vingi havikuruhusu kukalia mtihani ukiwa na deni, na gauni la mahafali hulivai kabla salio halijasoma sufuri.

Kwa hivyo unafanya moja kati ya mambo mawili.

La kwanza ni kwenda na kulipa kwa pesa ambazo huna. Salio lisipotosha, Fuliza inaziba pengo kwa ada ya asilimia 1 papo hapo, kisha ada za siku kadiri deni linavyozidi kukaa. Halafu pesa zozote zinazofuata kuingia kwenye simu zinakatwa kabla hujazigusa. Unaweza kutumiwa pesa za kuchapisha pendekezo la utafiti ukakuta zimekwenda kulipia jogoo aliyeliwa Ijumaa iliyopita.

La pili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi: unapotea. Unasema uko na dedlaini. Wiki ijayo una mtihani. Wiki inayofuata unaumwa na kichwa. Kila kisingizio ni nusu kweli, kwa hivyo hakuna anayekubishia, na baada ya mwezi wa pili hakuna anayekuuliza. Umeokoa pesa, sawa. Lakini fikiria uzamili unavyokwenda. Mwaka wa kwanza una darasa, una wenzako, una mhadhiri anayekufokea kwa kuchelewa. Ukimaliza kozi unabaki na tasnifu na msimamizi ambaye barua pepe yako ataijibu wiki tatu baadaye kwa mistari miwili. Hakuna tena anayekujua uko wapi. Hapo ndipo watu wengi hukwama, sura ya tatu ikalala kwenye kipakatalishi mwaka mzima, na chuo kikaendelea kuwadai ada ya usajili. Ukiwa mahali hapo unahitaji mtu asiyejali takwimu zako, wa kukuuliza tu, "Wee, ulifika wapi na ile kitu?" Mtu huyo ni yuleyule uliyemdanganya kuhusu kichwa.

Ndiyo sababu hatuwezi kuungana na wanaosema ukate marafiki hadi umalize shule. Meza ya Ijumaa ina kazi yake. Kinachotakiwa kubadilika ni wakati ambao pesa inatajwa. Kwa sasa tunaitaja mwisho, bili ikiwa mezani na mhudumu amesimama na mashine, saa ambayo hakuna mwenye ubavu wa kusema hapana. Itajwe mwanzo, kwenye grupu, mkiwa bado mnabishana kuhusu mahali.

Haihitaji hotuba. "Niko ndani, lakini leo mwisho wangu ni mia nane. Tutafute mahali panaponitosha." Tuma hivyo, weka simu mfukoni, rudi kwenye ripoti yako. Sentensi hiyo ina namba, na namba ndiyo inayofanya kazi. Ukisema "sina pesa" utajibiwa "hata sisi", kisha mtaishia Westlands vilevile. Ukisema mia nane, mtu atalazimika kufikiri.

Utaambiwa ni aibu, utaonekana mchoyo. Inawezekana, kwa dakika tano. Lakini kwenye meza ya watu watano katika uchumi huu, kuna uwezekano gani kwamba ni wewe peke yako unayepiga hesabu chini ya meza? Mara nyingi mtu wa pili atajibu upesi mno, "Hata mimi hiyo ni poa," kwa namna inayoonyesha alikuwa anasubiri mwingine atangulie. Na kama kuna rafiki atakayekudharau kwa sababu ya kutaja kiasi, ni heri umjue kwa bei ya bando.

Mkifika, mwambieni mhudumu mapema, kabla ya kuagiza, kwamba mnataka bili tofauti. Ukimwambia mwanzo ataandika kila mtu na chake. Ukimwambia mwisho, na meza nne nyingine zinamwita, unamtesa bure, na yeye naye ana matatu ya kuwahi. Ikishindikana, bili iwe moja lakini kila mtu alipie chake moja kwa moja kwa nambari ya Lipa na M-Pesa ya mkahawa. Kulipa hivyo hakumkati mteja ada, ilhali ukimtumia rafiki aliyelipia wote, kiasi kikipita Sh100 unakatwa ada ya kutuma. Tena unamwondolea huyo rafiki kazi ya kukimbizana na watu hadi Jumanne. Kila mbogi ina mtu wa "nitakutumia kesho", na kila mbogi inajua ni nani.

Halafu kuna siku za kuzaliwa, ambazo ni kesi yake. Aliyealika amechagua mahali, amechagua saa, amechagua hata rangi ya nguo, kisha mwishoni wageni wanalipa chao na chake pia, keki juu. Msimamo wetu ni huu: anayechagua mahali pa bei kubwa kwa sherehe yake aseme kwenye mwaliko kama atalipa au kila mtu ajilipie, na kwa takribani pesa ngapi. Mwanafunzi akijua wiki mbili kabla anaweza kupanga, au akaja baadaye kwa keki tu bila mtu kununa. Akijua akiwa tayari amekaa, hana la kupanga.

Na siku nyingine acheni mikahawa kabisa. Wenye kibanda chako hawatakataa ukija na watu wanne. Benchi ni refu, chapo zinatoka kwenye jiko zikiwa moto, na bili ya meza nzima haifiki ile Sh1,920 uliyotoa peke yako Ijumaa ile. Marafiki zako wenye kazi nzuri wana hamu ya madondo kuliko unavyodhani. Wamekosa tu mtu wa kuwapeleka bila kuonekana kwamba amefilisika.

Neno la mwisho ni kwako ambaye hukurudi shule, uliyepandishwa cheo, ambaye Sh1,920 hazikuumizi. Rafiki yako wa uzamili akitaja mia nane kwenye grupu, usijibu "njoo tu nitakulipia" mbele ya watu wote. Umeona kama umemsaidia, lakini sasa hatakuja, au atakuja na kuagiza maji. Jibu "poa", pendekeza mahali pa mia nane. Na kama siku hiyo kweli unataka kulipia meza, inuka kama mtu anayekwenda msalani, mpate mhudumu kule kaunta, malizana naye, urudi ukae na uendelee na hadithi mliyokuwa mnapiga.