Maji ya bomba: Soko limekwisha kutoa hukumu

Anayetaka kujua kama wakazi wa Dar es Salaam wanayaamini maji ya bomba hana haja ya kwenda maabara. Atembee Kariakoo saa sita mchana. Wachuuzi wanapita kati ya magari na maji ya chupa kichwani, maduka yamepanga katoni hadi barazani, na mama ntilie anayetaka kubakiza wateja huweka chupa mezani badala ya jagi. Jioni, katika nyumba nyingi, sufuria ya maji inatokota jikoni. Soko limekwisha kutoa hukumu: maji ya bomba ni ya kufulia, kuogea na kupikia. Ya kunywa yatafutiwe njia nyingine.

Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ina gharama ambayo haionekani katika mizania ya mtu yeyote, na wafanyabiashara pamoja na wawekezaji wadogo ndio wanaopaswa kuitazama kwanza.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Ikichukuliwa bei ya shilingi 1,700 kwa uniti, ndoo ya lita 20 inamgharimu mwenye bomba shilingi 34. Familia ya watu watano inayokunywa lita 10 kwa siku itatumia shilingi 17 kwa siku, au shilingi 510 kwa mwezi. Familia hiyo hiyo ikinunua chupa za lita moja na nusu kwa shilingi 1,000 kila moja, itatumia kiasi cha shilingi 200,000 kwa mwezi. Ikiamua kuchemsha, kilo moja ya mkaa katika jiko la kawaida huchemsha lita 20 hivi. Kwa mkaa wa shilingi 1,000 kwa kilo, gharama ya mwezi ni shilingi 15,000.

Maana yake ni kwamba mwenye nyumba analipa karibu mara 30 ya bei ya maji ili kuyasafisha maji ambayo alikwisha kuyalipia yasafishwe. Hiyo ni kodi, ingawa haina risiti. Nayo humwangukia zaidi asiye na uwezo, kwa kuwa mkaa wa kopo ni ghali kuliko mkaa wa gunia.

Je, hofu hiyo ni ya haki? Jibu linategemea mtu amesimama wapi. Katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, maji ya mto hutiwa shabu ili tope litulie, huchujwa, kisha hutiwa klorini kuua vijidudu. Mitambo hiyo miwili ilijengewa uwezo wa kutoa lita milioni 466 kwa siku: milioni 270 Ruvu Chini na milioni 196 Ruvu Juu. Maji yanayotoka hapo baada ya kazi kufanyika ipasavyo ni ya kunywa. Tatizo ni safari. Kutoka Ruvu hadi matangi ya jiji ni makumi ya kilometa, na kutoka kwenye matangi hadi kikombeni kuna mabomba ya zamani, maungio ya wizi, simtanki ambalo halijasafishwa tangu lifungwe, na ndoo inayochotwa kwa kopo la kila mtu.

Ubaya mkubwa zaidi ni mgawo. Bomba lenye maji saa zote lina nguvu ndani yake, na likitoboka maji hutoka nje. Maji yakikatika, nguvu hiyo hupotea, na tundu lile lile huvuta ndani kile kilicho nje yake. Katika jiji ambalo sehemu ndogo tu imeunganishwa na mabomba ya majitaka, na nyumba nyingi zinatumia vyoo vya shimo, kila mtu anajua kilicho nje ya bomba. Klorini iliyotiwa Ruvu nayo hupungua kadiri maji yanavyokaa. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini zibaki katika kila lita inapomfikia mlaji. Maji yaliyokaa siku nne katika tangi la uani hayawezi kutegemewa kuwa na kiasi hicho.

Wanaosema haya ni maneno ya vitabuni wakumbuke Agosti 1995? La, si mbali hivyo. Ni Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, hata kikawapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Biashara ya vyakula vya barabarani ilipigwa marufuku sehemu nyingi, na wengi walipoteza mitaji midogo waliyokuwa nayo. Mgawo wa Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame, uliwakumbusha wakazi kwamba hata bomba zuri halina faida likiwa kavu.

Hapa ndipo mwekezaji anapaswa kuwa makini. Shirika la maji hulia kila mwaka kuhusu maji yanayopotea kabla ya kufika kwenye mita. Kwa mhasibu hayo ni mapato yaliyomwagika. Kwa daktari ni mlango wa maradhi. Tundu ni lile lile moja, hasara ni mbili. Kwa hiyo anayeziba mivujo haongezi mapato tu, anaokoa na mkaa wa wananchi.

Jiji limekwisha kujaribu dawa ya haraka. Agosti 2003 huduma ilikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water, na Mei 2005 Serikali ikavunja mkataba. Fundisho la miaka ile si kwamba mtaji binafsi ni mbaya. Ni kwamba kubadili jina juu ya ankara hakuzibi bomba.

Njia yenye matumaini zaidi imeonekana Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji hilo iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, nayo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wanunuzi walijitokeza kupita kiasi kilichotakiwa. Kwa mtaji wote huo, riba ya mwaka mmoja huzidi shilingi bilioni 7. Fedha hiyo haitoki mbinguni. Itatoka kwa mteja anayefungua bomba na kulipa ankara bila kinyongo. Mteja asiyeyaamini maji hutumia kidogo, huchelewa kulipa, na akipata uwezo huchimba kisima chake.

Mwenye hatifungani ya maji ana haki ya kuuliza swali ambalo mlaji amekuwa akiuliza bila kujibiwa: maji yakoje mtaani, si mtamboni? Magazeti huchapa bei ya mchele na maharage kila wiki. Hakuna sababu mamlaka za maji zisitangaze kila wiki kipimo cha klorini na saa za maji kwa kila kata. Kipimo hicho ni cha bei nafuu, huchukua dakika chache, na kingewatofautisha wakazi wanaohitaji kuchemsha na wale wanaochoma mkaa kwa mazoea.

Wenye mitaji midogo wanaokimbilia biashara ya maji ya chupa nao watafakari. Soko lililojengwa juu ya mashaka hudumu kadiri mashaka yanavyodumu, na wenye viwanda vikubwa wamekwisha kulishika. Anayeingia aingie na alama ya ubora ya TBS, kwa kuwa dumu lililojazwa uani na kufungwa kizibo kipya humharibia kila muuzaji.

Hadi vipimo vya mitaa vitakapotangazwa, mlaji mwenye akili ataendelea kuchemsha maji mpaka yatokote, au kuyatia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na kuyahifadhi katika chombo chenye mfuniko na koki. Hakosei. Lakini kila sufuria inayotokota ni ankara ya pili kwa kazi moja, na wanaoendesha huduma hiyo wanapaswa kuihesabu kama deni lao.