Maua Hayasubiri Likizo

Nyie wapenzi mnaoishi Marekani, kila mwaka "tutaenda tu mwakani"? Maua hayasubiri ubize wenu. Machi ikielekea ukingoni, tengeni wikiendi moja mwende Charleston, South Carolina. Bustani za Magnolia Plantation, kando ya Mto Ashley, zilianza kupokea wageni mwaka 1870. Maua ya azalia, mekundu, meupe na ya waridi, hufunika njia nzima. Pigeni picha mbili tatu, kisha simu mfukoni.

Ila msiishie kwenye maua. Pitieni pia vibanda vya watumwa, Waafrika na vizazi vyao, waliofanyishwa kazi hapo bila ujira. Mtatoka kimya. Basi njiani mkirudi, ongeeni. Penzi linalojua raha tu bado changa.