Safari ya Tunduru: Umeacha Nini Nyumbani?

Ndugu msomaji, aendaye Tunduru leo kutoka Dar es Salaam hupita katika lami. Huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, akafuata Lindi, Masasi na Mangaka, kisha akaelekea magharibi. Waliosafiri huko katika miaka ya 1990 walijua vumbi la kiangazi na tope la masika, na gari lilipokwama abiria walishuka wakasukuma. Hata hivyo walikwenda kwa maelfu, kwani habari za vito zilikuwa zimeenea nchi nzima.

Kabla ya kufika mjini utavuka Mto Muhuwesi. Mawe ya huku hulala ndani ya changarawe iliyoletwa na maji zamani za kale. Vijana huchimba kwa sululu na beleshi mpaka waifikie, huibeba mtoni, huiosha katika chekeche, na macho yao hutafuta chembe moja ing'aayo. Humo hupatikana yakuti za rangi nyingi, na aleksandraiti, jiwe ambalo mchana ni la kijani na usiku mbele ya taa huwa jekundu.

Wanunuzi walitoka hata Thailand na Sri Lanka. Huko ndiko jiwe lilikokatwa, likasuguliwa na kupanda bei. Mwaka 1998 yakuti zilipovumbuliwa Ilakaka, Madagaska, wengi wao walihamia huko. Mchimbaji alibaki na shimo lake.

Mambo haya si mapya duniani. Dhahabu ilipoonekana Klondike, kaskazini ya mbali ya Kanada, mwaka 1896, watu wapatao 100,000 walifunga safari, lakini walio wengi hawakufika. Polisi wa Kanada walimtaka kila msafiri awe na chakula cha mwaka mzima kabla ya kuvuka mpaka. Walikagua mzigo wake. Hawakuuliza amewaachia nini mkewe na watoto.

Swali hilo ni letu, ndugu msomaji. Baba anapoaga kwamba anakwenda kubahatisha, kodi ya chumba inaendelea, na mtoto anahitaji daftari. Machimboni hula chakula cha mwenye mtaji, na kipatikanacho hugawanywa. Isipopatikana kitu, hana hata nauli ya kurudia. Aibu humzuia kuandika. Mwezi huwa mwaka, na mama huulizwa na watoto jambo asilolijua.

Kwa hiyo kaeni chini kabla ya safari. Kubalianeni siku ya kurudi, jiwe liwepo lisiwepo. Acheni akiba ya chakula. Cherehani ya mama isiuzwe kuwa nauli, maana ndiyo itakayowalisha watoto shimo likiwa tupu. Na jiwe likipatikana, lipelekwe katika soko la madini, ambayo Serikali ilianza kuyafungua mikoani mwaka 2019, likapimwe mchana na mbele ya ofisa. Dalali wa gizani hana risiti.

Wenyeji wa Tunduru wenyewe wameviona vito vikija na kwenda, na nyumba nyingi huko bado hutegemea korosho na mpunga. Mwenda bure si mkaa bure, walisema wahenga. Ni kweli, lakini aliyeacha watoto hana ruhusa ya kwenda bure.

Tuonane Jumapili ijayo.